Mke Mwenza wa Bibi

Kama umewahi kulala nyumbani kwa mdogo wako ukaamka na kinyongo, basi tutaelewana. Mimi niliamka nacho juzijuzi, hapa Kiranjeranje, katika chumba kilichokuwa cha bibi yetu mzaa mama. Swala ya alfajiri ilikuwa imeshapita, na huko uani nikasikia sauti ya mdogo wangu ikimwambia mwanangu, "Haya, miguu kwanza." Basi, ni hayo tu. Hakupaza sauti wala hakurudia. Na mwanangu, ambaye kwangu Dar es Salaam namwita mpaka majirani wanachungulia dirishani, akabeba ndoo yake ndogo akamfuata mama yake mdogo bombani.

Nilibaki kitandani nikisikiliza ndoo zinavyogongana. Najua nilipaswa kushukuru. Mtoto nilimleta mwenyewe, baada ya daktari kunieleza kwamba hana ukorofi wa makusudi, ndivyo ubongo wake ulivyo, unaruka kutoka jambo hili kwenda lile kabla la kwanza halijaisha. Akaniambia nyumba iwe na utaratibu, mambo yaleyale kwa mpangilio uleule, kila siku. Nilijaribu, mwenzangu. Nikashindwa, nikalia, nikajaribu tena. Ndipo nikakumbuka kwamba utaratibu wa namna hiyo nimeshauona ukifanya kazi, kwenye ua huuhuu, na anayeujua ni mdogo wangu. Mimi siujui. Niliuona kwa mbali, tena kwa jicho la mtu mwenye kijiba cha roho.

Ngoja nikueleze kilianzia wapi.

Mimi ndiye niliyepewa jina la bibi. Kwetu ukibeba jina la mtu, yeye ni somo wako na wewe ni somo wake, na somo ana haki zake. Ukoko wa wali ni wa somo. Kanga ikichuja rangi anapewa somo. Mdogo wangu alipewa jina la shangazi mmoja upande wa baba, ambaye hata hatukumfahamu. Kwa hiyo tangu nilipopata akili nilijua bibi ni mali yangu. Aliniita somo, na mdogo wangu akamwita mke mwenzangu, ule utani wa mabibi na wajukuu wao wa kike, kwamba babu ana wake wawili, mmoja kikongwe na mmoja kigori. Babu mwenyewe alishakuwa kaburini miaka mingi. Hao wake wenza hawakuwa na mume wa kugombea, ila mimi bibi nilimgombea hasa.

Mdogo wangu alizaliwa na haraka zake. Ukimtuma chumvi alirudi na kinyonga kwenye kijiti, chumvi kaisahau. Ukimpa ufagio, ungeukuta umelala katikati ya njia na yeye yuko juu ya mkorosho. Alikula amesimama. Alijibu kabla hujamaliza kuuliza. Siku moja aliambiwa aanue makopa, ile mihogo mikavu tunayosaga unga, mvua ilikuwa inakuja kila mtu anaiona, akaenda akaokota kopa moja, akaanza kulipigia ngoma kwenye sufuria, na mengine yote yakaloa. Tulikula ugali wenye harufu ya ukungu msimu mzima. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuja kila asubuhi kuomba kijinga cha moto na kuondoka na habari, alimshauri bibi ampeleke mtoto kwa mganga akapungwe, maana huyo ana pepo.

"Hana pepo," bibi akamjibu. "Ana haraka. Nitampunga, haraka itabaki palepale, na kuku wangu atakuwa ameliwa."

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Wewe kama ni wa umri wangu unaijua. Maduka ambayo rafu zake zilikuwa na vumbi tupu yakajaa sabuni za kunukia, vitambaa, betri, redio kaseti. Wanunuzi wa korosho wakaanza kuja na malori yao na mizani yao mpaka kijijini. Kila mtu mzima alikuwa na mahali pa kwenda. Baba alifuata biashara Dar es Salaam, akatuma furushi la mitumba, kisha kimya. Mama akawa mtu wa minada, leo yuko Pande, kesho Nangurukuru, na kurudi kwake hakukuwa na saa. Uji ulipikwa mtu akikumbuka. Kadiri nyumba ilivyovurugika ndivyo mdogo wangu alivyozidi, mpaka mwalimu akaleta ujumbe kwamba mtoto huyu hafundishiki, akae nyumbani. Hapo bibi ndipo alipoikamata siku yetu akaifunga kibwebwe.

Alianza na maji. Kabla ya uji, kabla ya kupiga mswaki, kabla mtu hajasema neno, mdogo wangu alikwenda kisimani na bibi. Miguu kwanza, alisema, maana tumbo likishiba na miguu haijachoka, mtoto atakimbia na shibe yake. Mimi nilikuwa tayari ninachota maji siku zote bila kupelekwa na mtu. Sasa nikaambiwa nibaki nikoke moto. Nikawa napuliza kuni mbichi, machozi yananitoka, nusu ni moshi.

Halafu kufagia. Bibi alichora mstari mchangani kwa kidole cha mguu, akasema, "Mke mwenzangu, fagia mpaka hapa, kisha njoo unionyeshe." Mtoto alifagia mpaka mstarini, akaja. Bibi akaenda kutazama kweli, akainama kama mtu anayekagua kitambaa dukani, akasema vizuri, akachora mstari mwingine. Uwanja ulikwisha hivyo, kipande kwa kipande. Hakumwagiza mambo mawili kwa pamoja. Na kabla ya kumwambia neno alimgusa kwanza bega, akangoja mpaka amtazame. Na mimi je? Mimi nilitupiwa maagizo kutoka jikoni, matano kwa mpigo, nami nikayatimiza yote. Nani aje akague uwanja wa mtu asiyekosea?

Sheria hizo hazikuwa za mdogo wangu peke yake, zilitukamata wote. Redio ya jirani ikilia wakati wa uji, bibi alikwenda kuomba izimwe. Mgeni akija wakati wa kazi fulani, aliachiwa mimi nimkaribishe, nimpe maji, nimuulize habari za kwao, na bibi anaendelea na mke mwenzake. Nikizoea kuweka kata upande wa kulia wa mtungi, ilibidi iwe kulia milele, kwani ikihamishwa mtoto ataitafuta, na akiitafuta ataona kitu kingine, na asubuhi imekwisha. Nyumba nzima ilizunguka mtu mmoja. Nilimchukia, sikufichi. Nilikuwa namtazama akilala, amenyooka, mtulivu, nikatamani nimfinye ubavu.

Kilichonikata maini kabisa ni kengele ya shule. Kengele yetu ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mti, likigongwa kwa nondo, na kuligonga ilikuwa heshima. Nilikuwa naongoza darasani, daftari zangu safi, na nilijua nikifika darasa la juu nondo ile itakuwa yangu. Bibi akaenda kumwona mwalimu. Hatukujua alisema nini, ila alivaa kanga zake za sherehe na alichelewa kutoka. Kesho yake mdogo wangu, aliyesemwa hafundishiki, ndiye aliyepewa nondo. Mwalimu alikuwa anamwinua kwenye dawati kila kipindi kikiisha, anakimbia nje, anagonga, anarudi, anakaa. Eti akisubiri kugonga atajifunza kukaa. Na alikaa kweli, ndilo lililoniudhi zaidi. Mimi nilitoka darasani kwa mlio wa mdogo wangu na kuingia kwa mlio wake.

Alasiri ilikuwa kinu. Hapa naomba unisikilize vizuri. Bibi alikuwa anatwanga makopa kwa michi miwili, yeye na mtu wa pili, mmoja anainua mwingine anashusha. Kazi ile haina nafasi ya kuwaza mbali. Ukipotea kidogo tu michi inagongana na mikono inakufa ganzi. Bibi alimpa mdogo wangu mchi mwepesi. Siku za mwanzo iligongana mpaka tukacheka. Baadaye ikashikana, tu-tu, tu-tu, na yule mtoto asiyeweza kumaliza sentensi alitwanga mpaka unga ukalainika, macho yamemtulia kinuni, jasho linamtiririka. Bibi alikuwa anaguna kwa furaha. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nachekecha unga, nimekuwa mweupe mpaka kope, na hakuna mchekechaji anayehitaji mwenzake. Nilimwomba bibi siku moja anipe nafasi ya mchi. Akanitazama kwa upole akasema, "Somo, wewe huhitaji." Nilihitaji, ila sikujua namna ya kumwambia.

Ikaja habari ya Somanga. Mama alikuwa amepita kule akaona mabasi ya Lindi na Mtwara yanavyosimama, abiria wanashuka na njaa na vumbi la safari. Akaamua kufungua kibanda cha chakula barabarani, ahamie hukohuko. Alihitaji mtoto mmoja wa kumsaidia, akisoma shule ya kule. Mwingine abaki na bibi. Aliyasema hayo wakati tunamenya mihogo, kama anayesema kesho tutapika kunde, na mimi kisu kikanisimama mkononi.

Sasa tazama akili yangu. Nilijiambia, bibi amezeeka, ataulizwa abaki na nani, na mtu mwenye akili timamu atabaki na mtoto anayemsaidia. Basi nikajikaza kisabuni. Niliamka kabla yao. Nikakoka moto, nikachemsha uji, nikaosha vyombo, nikafua kanga za bibi bila kuambiwa, nikawa nabanja korosho mpaka mafuta yake yanababua vidole na siguni. Shuleni sikukosa hata hesabu moja. Sikununa. Nilikuwa mtoto ambaye mzee yeyote angemwombea dua. Bibi aliona yote, na jioni moja aliniambia, "Somo, umekuwa mtu mzima." Nililala usiku ule nikiwa na hakika.

Kesho yake nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko naanika vyombo kichanjani nikamsikia akimwambia mama, "Mchukue huyu mkubwa. Huyu popote utakapomweka atakaa. Yule nikimwondoa hapa atamwagika, na sitaweza kumzoa."

Mama akasema, "Lakini huyu si ndiye somo wako?"

"Ndiye," bibi akasema. "Ndiyo maana namwamini."

Nilianika vyombo mpaka cha mwisho. Hata hapo nilimaliza kazi.

Tuliondoka msimu wa korosho, mabibo yameiva yananukia ukali njia nzima, kwa lori la mnunuzi mmoja aliyekubali kutubeba juu ya magunia. Lori lilichelewa kupakia. Asubuhi ilipita, adhuhuri ikapita, likawa tayari alasiri. Bibi aliniaga uani. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanisomea dua, akanitemea mate kidogo utosini kama wazee wafanyavyo, akanipa korosho za kukaanga kwenye pindo la kanga. Nilidhani atanisindikiza barabarani, mwendo mfupi tu. Lakini ilikuwa saa ya kinu. Akarudi. Nikiwa juu ya magunia, dereva anahangaika na injini iliyogoma kuwaka, niliwasikia kutoka ng'ambo ya mikorosho wanatwanga, hawakukosea hata pigo moja. Mama akadhani nalia kwa sababu ya kuacha shule yangu.

Somanga sina ubaya nayo. Ilinilisha. Nilijifunza kukaanga samaki, changu na tasi, bila kuwavunja, kunyanyua sinia mpaka dirisha la basi, kumjua abiria mwenye pesa kwa namna anavyouliza bei. Masika magari yalikwama kwenye tope, watu wakalala kwetu, tukapika mpaka sufuria zikaisha. Mama alikuwa na shughuli nyingi, na mimi nilikuwa mtoto asiyehitaji kuangaliwa. Nililia mara nyingi, nyuma ya kibanda, kwenye moshi, ambako hakuna anayeuliza kwa nini macho mekundu. Idi nilikwenda Kiranjeranje nikiwa mgeni. Nilikaribishwa, nikapewa maji, nikaulizwa habari za Somanga. Bibi aliniandalia ukoko, haki yangu ya somo, kisha ikifika saa ya jambo fulani wawili wale walinyanyuka bila kuambizana, nami nikabaki kwenye mkeka.

Bibi alifariki wakati wa masika. Habari ilitukuta Somanga, na barabara ile ya zamani wewe unaijua ilivyokuwa. Tulifika maziko yameisha. Mdogo wangu, msichana mkubwa sasa, alikuwa mmoja wa wanawake waliomwosha. Jirani yuleyule wa kijinga cha moto alinihadithia jinsi alivyofanya kila kitu kwa mpangilio, ametulia, hakuna aliyemwelekeza. Alidhani ananifariji. Hata maiti ya bibi ilikuwa ya mke mwenza, nilijisemea, somo kaletewa hadithi.

Nimekueleza haya ili ujue nilivyokuwa juzijuzi, nimekaa ukumbini nakunywa chai ya mdogo wangu, namtazama mwanangu anavyonawiri mikononi mwake. Nyumba sasa ni ya bati na saruji. Kisima kimefukiwa, kinu hakipo, unga unasagwa mashineni, na mabasi yanapita kwenye lami yanapuliza honi. Lakini siku ilikuwa ileile. Mtoto alifanya jambo moja, akaonyesha, akasifiwa, akapewa lingine. Nilimwambia mdogo wangu anifundishe. Akashangaa. "Nikufundishe nini, dada? Bibi hakuniambia kitu. Tulikuwa tunafanya tu." Kwa hiyo tangu siku ya pili naamka nao. Naambiwa niende bombani, naenda. Mtu mzima na mvi zangu.

Jioni ya jana, baada ya magharibi, akamkalisha mwanangu mkekani, akamwambia, "Nisimulie siku yako." Mtoto akasimulia: maji, uji, kufagia, kulisha kuku, kila kitu mahali pake. Sijawahi kumsikia akisimulia kitu mpaka mwisho. Kisha mdogo wangu akamuuliza, "Na baba yako, saa hizi anafanya nini?" Mtoto akafikiri, akasema baba anakula chipsi na anatukumbuka. Wakacheka, na mtoto akalala palepale, kichwa kwenye paja la mama yake mdogo.

Nikasema, hilo la kusimulia silikumbuki. Bibi hakuwa nalo.

"Lilikuja ulipoondoka," mdogo wangu akasema. "Kila jioni nilimsimulia siku, halafu ananiuliza, na somo wangu je, saa hizi anafanya nini? Hapo ndipo ilikuwa mwisho, bila hilo bibi hapati usingizi."

"Ukamjibu nini? Wewe ungejuaje?"

"Nilitunga. Anakaanga samaki. Kavaa gauni la maua. Mama kamsuka, anacheka na abiria. Bibi anafurahi, tunalala." Akamfunika mtoto kanga miguuni. "Siku moja tu nilisema unalia. Sijui kwa nini, nadhani nilikuwa nimechoka kutunga samaki. Bibi hakulala. Asubuhi hakwenda kisimani, alijifunga kanga mbili akaenda barabarani kutafuta gari la Somanga, akasema anakwenda kukuchukua. Maji hayakuchotwa, uji hakuna, mimi nikaona siku yote imevunjika. Nikamkimbilia, nikamwambia nilikuwa natania. Nikamwapia kwamba unacheka. Akarudi nyumbani. Nikawa sisemi tena unalia."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, anampepea mwanangu mbu. Alikuwa mtoto, tena mtoto ambaye siku ikivunjika na yeye anavunjika. Nitamlaumu kwa lipi? Nilinyanyuka nikaenda chumbani, nikalala kwenye kitanda cha bibi bila kubadili nguo.

Nilidhani namjua ninayemwonea wivu, kumbe sivyo. Ninayemwonea wivu sasa ni yule msichana wa gauni la maua, mwenye nywele zilizosukwa na mama, anayecheka na abiria. Yeye ndiye aliyekaa na bibi kila jioni miaka yote ile. Yeye ndiye aliyemlaza. Mimi nilikuwa Somanga, kwenye barabara ileile, nalia kweli, na asubuhi ile bibi alikuwa amesimama kwenye barabara hiyohiyo anatafuta gari. Alirudi kwa sababu aliambiwa nina furaha. Amekufa akiamini hivyo, na sasa hayupo wa kuambiwa kwamba nilikuwa nalia.